Dogo Anajua Mpira, Ila Karatasi Hana: Viza ya Marekani Haipatikani kwa Danadana

Leo hakuna umbea wa nani kaachana na nani, wala nani kaonekana Mwanza na gari la nani. Leo nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Soma mpaka mwisho, halafu ndo uje kunitukana kwenye komenti.

Kuna dogo mmoja wa huku kwetu ukanda wa dhahabu. Jina simtaji, kaniomba, na ukifika chini utaelewa kwa nini safari hii kutomtaja kunaniuma. Dogo ni winga. Nenda kwenye ndondo za Katoro, Buseresere mpaka Masumbwe, uliza winga wa kulia anayewakalisha watu chini. Watakuambia. Ila watakutajia jina la utani, lile la staa fulani wa Ulaya. Jina alilopewa na baba yake wanalijua watu kumi.

Nimemuona kwa macho yangu, uwanja una mashimo, mpira umechanika ngozi, anapita mabeki watatu kama anapita mlangoni kwao. Kipaji anacho, hilo sibishani na mtu.

Akatokea jamaa mmoja wa mjini anayejiita wakala. Akasema kuna timu Marekani imeona video zake inamtaka. Nyumbani wakauza ng'ombe. Mjomba akauza hisa yake kwenye duara. Wakala akala pesa ya "kufuatilia viza", akala ya "mihuri", akala ya "ubalozini". Cha kushangaza, timu yenyewe ilikuwepo kweli, ndogo lakini ipo, na mwanasheria wao alikuwa mtu mstaarabu. Akamtumia dogo orodha ya vitu vinavyotakiwa kuthibitisha kwamba ni mwanamichezo mwenye uwezo wa kipekee.

Dogo akakusanya alivyokuwa navyo. Barua ya mtendaji wa kata inayosema ni kijana mwenye tabia njema na anashirikiana vizuri na jamii. Picha ameshika kombe, haijulikani kombe gani, haijulikani mwaka gani. Video za WhatsApp zimewekewa muziki juu, sura haionekani, mpinzani hajulikani. Cheti cha mchezaji bora kimeandikwa jina la utani. Na kitu cha mwisho, alichokitegemea kuliko vyote, ni linki ya blogu hii.

Ndiyo. Blogu yangu mimi.

Niliwahi kumuandika. Nilijiona mjanja kweli siku ile. Niliandika hivi: kuna dogo mmoja wa pande za Katoro anawatesa mabeki, jina kapuni, wenye macho wanamjua. Chini nikasaini "Admin". Watu mkacheka, mkashea, mkapigana kwenye komenti kubahatisha ni nani.

Mwanasheria akajibu kwa upole kwamba haimsaidii chochote. Kwanza chombo chenyewe hakijulikani. Pili, makala haina jina la mchezaji, haina jina la mwandishi, haitaji hata mechi ilichezwa lini. Dogo akaja kijiweni na simu mkononi, akaniuliza, "Kaka, si wewe uliniandika?" Sikuwa na jibu. Maombi hayakupelekwa kabisa. Ng'ombe wameenda, hisa ya duara imeenda, na dogo sasa yuko kwenye karasha anasaga mawe ya watu.

Sasa nataka tugombane vizuri, maana naona tunawatupia lawama watu wa uhamiaji peke yao wakati sisi wenyewe tumekaa kimya.

VIZA YENYEWE INATAKA NINI

Nieleze kwa lugha ya kijiweni. Marekani ina milango kadhaa kwa mwanamichezo. Upo mlango unaitwa P-1A, wa mwanamichezo anayetambulika kimataifa anayekwenda kucheza. Ukikubaliwa mwanzoni unaweza kupewa mpaka miaka 5. Upo O-1A, wa mtu mwenye uwezo wa kipekee, mpaka miaka 3 kwa kuanzia. Na upo EB-1A, huo ndio wa makazi ya kudumu, ile mnaiita grini kadi.

Kwenye P-1A na O-1A mchezaji hajiombei. Anayepeleka maombi ni timu, mwajiri au wakala aliyeko Marekani. EB-1A unaweza kujiombea mwenyewe. Kote huko faili linaanzia kwa idara yao ya uraia na uhamiaji, USCIS. Wakikubali ndo unakwenda ubalozini Dar kwenye usaili. Kwa hiyo mtu anayekaa kuamua kama una kipaji hajawahi kukuona ukigusa mpira, na hatakuona. Anafungua faili tu. Kilichomo humo ndicho wewe.

Na "uwezo wa kipekee" siyo kuwa mzuri. Sheria yao inasema uwe miongoni mwa wachache waliofika kileleni kabisa kwenye fani yao. Kwenye EB-1A una njia mbili. Ama uwe na tuzo moja kubwa inayojulikana dunia nzima, mfano medali ya Olimpiki, ama utimize angalau vigezo 3 kati ya 10. Kwenye O-1A ni 3 kati ya 8. Vinavyomgusa mchezaji ni kama hivi: tuzo za kitaifa au kimataifa, kuwa kwenye kundi linalochukua waliofanya makubwa tu, kuandikwa kwenye vyombo vikubwa vya habari, kuwa tegemeo kwenye timu yenye heshima, na kulipwa pesa nyingi kuliko wenzako kwenye fani hiyo.

Usidhani ukitiki vitatu umemaliza. Kwenye EB-1A, tangu hukumu ya kesi ya Kazarian mwaka 2010, ofisa akishahesabu vigezo anarudi kupima faili zima kwa pamoja, ajiulize kama kweli huyu mtu yuko juu.

Kwenye P-1A napo kuna orodha. Kucheza mashindano ya kimataifa ukiwa na timu ya taifa kunahesabika. Nafasi yako kwenye viwango vya dunia inahesabika, kama mchezo wako una viwango. Tuzo nzito inahesabika. Barua ya mtaalamu anayetambulika au ya mwandishi wa michezo inahesabika.

Na kile kigezo cha kuandikwa, ambacho mimi ningeweza kumsaidia dogo japo kidogo, kinadai kichwa cha habari, tarehe na jina la mwandishi. Kama imeandikwa Kiswahili lazima itafsiriwe yote kwa Kiingereza na mtafsiri athibitishe kwa maandishi kwamba anaweza kazi hiyo na tafsiri ni sahihi. Sasa linganisha na "jina kapuni" yangu.

DHAHABU TUNAPIMA, MTU HATUPIMI

Kinachonishangaza ni kwamba sisi watu wa Geita, Kahama na Shinyanga tulitakiwa kulijua hili kabla ya Watanzania wengine wote. Jiwe likitoka duarani kila mtu ana maneno. Huyu anasema hili limebeba, yule anasema ndotoni aliambiwa. Ukifika sokoni hakuna anayenunua maneno. Dhahabu inachomwa, inapimwa usafi, inawekwa kwenye mzani, unaandikiwa karatasi. Tangu masoko ya madini yafunguliwe mwaka 2019, hata mchimbaji mdogo ambaye hakumaliza la saba anajua kutunza risiti yake.

Sasa mtu huyohuyo anayepima dhahabu mpaka pointi ya gramu, jioni anakwenda uwanjani kuangalia mtoto wa jirani akifunga mabao manne, na hakuna hata mmoja pale uwanjani aliyeandika kwenye daftari. Mwamuzi anaondoka na karatasi yake mfukoni, inafuliwa na suruali.

WENYE KARATASI HAWABISHIWI

Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Muda wake ni dakika 3 na sekunde 32.2. Imepita miaka zaidi ya 50, na hakuna anayesimama kusema anadhani Bayi alikuwa na mbio. Saa ilikuwepo, mtu aliandika, basi.

Alphonce Simbu, mtoto wa Singida hapo jirani, Septemba 2025 alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Yeye na Mjerumani aliyemfuata, Amanal Petros, waliandikiwa muda uleule. Ilibidi picha ya mstarini iamue kwa sekunde 0.03. Mbio za kilomita 42, halafu ushahidi unakwenda mpaka sehemu ya mia ya sekunde!

Mtasema hiyo ni riadha, mpira hauna saa. Haya, njoo Geita. Msimu wa 2021/22 Geita Gold ilipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, ikamaliza nafasi ya 4 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, akimpita kwa bao moja Fiston Mayele wa Yanga. Baadaye Mpole akavuka kwenda kucheza Lubumbashi. Mabao 17 yale yana tarehe, yana mpinzani, yana dakika. Ukiniambia wewe umefunga 60 kwenye ndondo sikukatalii, lakini kwenye faili 17 za Mpole zinakumeza wewe na 60 zako.

Na Mbwana Samatta? Alipokwenda Aston Villa Januari 2020, kanuni za Uingereza wakati huo zilimpa njia ya moja kwa moja mchezaji wa timu ya taifa iliyo ndani ya 50 bora za FIFA. Sisi tulikuwa nje hata ya 100. Maana yake bendera yetu haikumbeba. Kilichosimama ni faili lake: ubingwa wa Afrika na TP Mazembe 2015, tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya Afrika mwaka huohuo, ubingwa wa Ubelgiji na Genk 2019, Kiatu cha Ebony 2019, bao pale Anfield kwenye Ligi ya Mabingwa. Siku hizi Uingereza wanahesabu pointi, unatakiwa kufikisha 15, na wanaangalia mpaka dakika ulizocheza. Dakika, ndugu zangu! Timu zetu za huku chini hata majina ya wachezaji wa akiba hazina.

WENYE MAKOSA NI HAWA

Wa kwanza ni viongozi wa timu zetu ndogo. Mchezaji anacheza misimu mitatu bila mkataba wa maandishi, analipwa posho ya chipsi na nauli ya bodaboda. Kesho unamtaka athibitishe analipwa kuliko wenzake, kwa karatasi ipi? Kiongozi akihama anaondoka na daftari la timu nyumbani kwake kama vile ni la kwake.

Wa pili ni mawakala wa mchongo. Nyie nina maneno nanyi. Mnawaambia watoto kwamba barua inatengenezwa, cheti kinatengenezwa, hata umri unatengenezwa. Hamuwaambii kwamba ukikutwa umedanganya jambo la msingi kwenye maombi ya Marekani unaweza kufungiwa mlango maisha yako yote. Wewe utakuwa umeshakula pesa na kubadili laini. Dogo ndo atakuwa na alama nyekundu mpaka uzeeni, hata siku akiwa na karatasi za kweli.

Wa tatu ni wachezaji wenyewe. Nawapenda, lakini mnachosha. Cheti cha kuzaliwa kina jina moja, NIDA jina lingine, leseni ya mchezaji jina la tatu, na mtaani una la nne. Umri wa mpira 19, umri wa shule 24. Ofisa akiziweka karatasi hizo mezani anaona watu wanne tofauti, na hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kipekee. Na mkumbuke karatasi lazima ithibitishe kazi ileile unayokwenda kufanya. Man Soo Lee alikuwa nyota wa besiboli Korea Kusini. Alipoomba makazi ya Marekani akiwa kocha alikataliwa, na mwaka 2002 mahakama ikakubaliana na uamuzi huo: sifa zake zilikuwa za uchezaji, na ukocha ni kazi nyingine. Kama nyota wa nchi nzima lilimkuta hilo, wewe unayetaka kwenda kama mchezaji kwa barua ya tabia njema utapita wapi?

Wa nne ni sisi. Blogu, kurasa za Instagram, magrupu ya WhatsApp. Tunaandika "staa mmoja", "winga matata wa kanda ya ziwa", "jina kapuni". Tunafanya hivyo kwenye umbea ili tusishtakiwe, sawa, hapo naelewa. Ila tumezoea mpaka tunaficha na sifa! Mtu kafanya jambo zuri hadharani, mbele ya watu elfu moja, sisi tunamficha kama kaiba. Mwandishi wa gazeti kubwa Dar akitaka kujua nani anatamba huku, anaanzia kwetu. Tukimficha sisi, huko juu hafiki.

NAJUA MTAKACHOSEMA

Kuna mtu ataandika hapa chini: "Admin, huo mfumo wa wazungu umetengenezwa kutubana." Ndugu yangu, kuna ukweli hapo na sitaukwepa. Vigezo vile viliandikwa na watu ambao kwao kila ligi ya watoto ina tovuti na kila mchezaji ana takwimu. Mtoto wa Bukombe anaanza akiwa nyuma kabla hajavaa viatu. Hata kupima mshahara wa mchezaji wa kwetu kunahitaji kwanza awepo anayelipwa kwa maandishi. Sheria yao inaruhusu ushahidi mwingine unaolingana pale kigezo kisipoendana na kazi yako kwenye O-1A na EB-1A, lakini hata huo ni ushahidi, siyo maneno.

Kwa hiyo ndiyo, mlango ni mwembamba. Hilo lisitufanye tuache kuandika. Kuandika bao la leo kwenye daftari hakuhitaji ruhusa ya mzungu yeyote.

Mwingine atasema, "Dogo angekuwa mkali kweli wangemuona tu." Nani angemuona? Kambarage pale Shinyanga, miaka ile Stand United na Mwadui wote wapo Ligi Kuu, ulikuwa unaona makamera. Leo timu zote mbili zimeshashuka, Geita Gold nayo ilishuka 2024. Jicho la nje limepungua huku kwetu. Ndo maana daftari letu linahitajika sasa kuliko wakati ule.

TUFANYE HIVI

Wewe mchezaji, anza leo. Jina moja kwenye karatasi zote, na likikosewa lirekebishwe sasa, usisubiri wakala aje. Kila mechi andika tarehe, mashindano, mpinzani, matokeo, dakika ulizocheza, bao la dakika ya ngapi. Omba nakala ya karatasi ya mwamuzi, ipige picha. Video iache nzima, ionyeshe ubao au mtangazaji akitaja jina lako, huo muziki weka kwenye stetasi yako. Mkataba udai, hata kama ni wa laki moja. Na mtu akikuambia barua inatengenezwa, ondoka hapo.

Hayo hayatakupa viza. Nisije nikawa wakala wa pili. Daftari la ndondo halimfanyi mtu kuwa bingwa wa dunia. Ila litamfanya kocha wa ligi ya juu akuamini, ligi ya juu itakuandikia takwimu, na takwimu ndizo zitakazokupeleka kwenye timu ya taifa au nje. Ngazi ina vipandio, na cha kwanza kiko hapa mtaani.

Na mimi nimeamua hivi. Umbea utabaki na majina kapuni kama kawaida, msiwe na wasiwasi. Lakini kuanzia leo, habari yoyote ya michezo kwenye blogu hii itakuwa na jina kamili la mchezaji akikubali, jina la mashindano, tarehe na matokeo. Na chini haitasainiwa "Admin". Itakuwa na jina langu kamili, ili siku dogo mwingine akiombwa mwandishi ni nani, awe na mtu wa kumtaja.

Yule dogo wetu nimemwambia Jumapili akicheza nitakuwepo na daftari. Akanicheka, akasema, "Kaka, sasa hivi?" Nikamwambia hata sasa hivi, ana miaka ishirini tu, na safari hii nimeiona kwenye cheti cha kuzaliwa.

Haya, uwanja wenu. Kama unamjua mchezaji wa kwenu, wa mpira, ngumi, riadha, chochote, usiniandikie "kuna mtu mmoja". Akiwa ameridhia, niandikie jina lake, alicheza wapi, lini, na alifanya nini. Na wewe uliyesimamia ligi ukakaa na madaftari chini ya kitanda, yatoe. Watoto wa watu wanayahitaji.